Chumvi ya Masufuria Mawili

Wanaume wengine wa Kolwezi wakirudi kutoka Zambia huwaletea wake zao sabuni, au blanketi, au angalau ugonjwa. Mansour alimletea Bilkisi neno.

Alishuka kwenye lori lake, akanawa miguu, akaketi kwenye kiti chenye mto, akapewa chai. Kabla hata hajauliza kama binti yake Malaika ni mzima, alisema:

"Mama Malaika, unajua agrigeti ni nini?"

Bilkisi hakujua. Hakuwahi kukaa darasani. Baba yake alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja tu, akamchagua wa kiume, na huyo wa kiume mpaka leo akiletewa barua anaigeuza juu chini kutafuta mwanzo wake. Basi Bilkisi alijibu kama mke anavyomjibu mume aliyetoka safari ndefu:

"Ni dawa ya matairi?"

Mansour alicheka kile kicheko cha mtu aliyevuka mpaka. Akaeleza. Kule Chingola, malori yakipanga foleni, madereva hukaa kwenye baraza moja yenye televisheni na kutazama mpira wa Wazungu. Timu mbili hucheza mara mbili, mara moja kwa hawa, mara moja kwa wale. Mwisho wanajumlisha mabao yote, na mtangazaji anasema kwa Kiingereza: agrigeti. Timu inaweza kuchapwa leo mpaka mashabiki wake wakalia, lakini ukijumlisha na mechi ya kwanza, kumbe imeshinda, inatoka uwanjani inaimba.

"Imechapwa na inaimba?" aliuliza Bilkisi.

"Njo vile! Kwa agrigeti imeshinda."

Na si mpira tu. Kwenye machimbo ya mawe alikopakia kokoto, mpimaji wa mizani alimwambia kwamba hata kokoto huitwa jina hilo hilo, kwa kuwa ni mawe ya kila namna yaliyorundikwa pamoja. Na ofisini kwa tajiri wake, tani za malori yote zikiwekwa katika hesabu moja, mkubwa wa ofisi naye hulitamka. Kwa kifupi lilikuwa neno lenye kazi tatu, na Mansour, aliyekuwa na kazi moja, alilistahi sana.

Jioni Bilkisi alimwuliza Malaika, aliyekuwa akisoma kwa masista.

"Ni jumla, mama," alisema Malaika. "Bitu mingi unabiweka pamoja, unaona kimoja."

"Na bile bidogo ndani, binaenda wapi?"

Malaika alifikiri. "Biko. Lakini habionekane tena."

Bilkisi alirudi kupepea makala yake, yale makaa ya jikoni. Alikuwa ameolewa muda wa kutosha kujua kwamba mwanamume hanunui kamba kama hana mbuzi wa kufunga.

Hakukosea. Kabla mwezi haujaisha neno lilikuwa limehamia nyumbani, limevua viatu, linakula. Mansour alikuwa na mke wa pili, Latifa, msichana wa mtaa wa Mutoshi, aliyemwoa bila kumwambia Bilkisi mpaka siku alipomwomba amfulie kanzu nyeupe. "Kuna harusi," alisema. Bilkisi aliifua, akaipiga pasi, akaweka na marashi, akauliza ni harusi ya nani. Kanzu ilipendeza sana. Watu wote walisema bwana harusi alikuwa na kanzu safi.

Tangu neno lilipoingia, Mansour alikuwa mtu wa haki kwa wake wote wawili. Alilisema mwenyewe, mara kwa mara, na kwa sauti. Latifa akipata vitenge viwili na Bilkisi hakupata kitu, hiyo ilikuwa mechi ya kwanza tu. Bilkisi angefunga mabao yake kwenye marudiano. Mansour akirudi kutoka safari na homa, akitetemeka na kutapika, hizo zilikuwa siku za Bilkisi. Akipona, akinyoa ndevu, akijipaka mafuta, hizo zilikuwa siku za Latifa. Ukizijumlisha, alisema, utaona kila mmoja amepata mume sawasawa.

"Marudiano ni lini, Baba Malaika?" Bilkisi aliuliza siku moja, akikamua kitambaa cha kumpoza paji la uso.

"Yatakuja. Weye unahesabu mechi moja moja, njo maana unaumia. Angalia agrigeti."

Na Bilkisi aliangalia. Aliangalia ndoo ya matapishi, akaenda kuimwaga.

Jirani yake Adolphine, Mkatoliki wa kutoka kaskazini, mke wa karani, alisikiliza habari ya hilo neno akiwa ameegemea ukuta uliowatenganisha, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Malaika, hiyo si ya Waislamu peke yenu! Bwana yangu iko na bibi moja kwa kanisa. Kwa agrigeti, mi sijue tuko bangapi!"

Sasa ni lazima isemwe habari ya nyumba, kwa sababu yote mengine Bilkisi alikuwa amekwisha kuyameza.

Nyumba ile ya Bilkisi, mtaa wa Manika, ilijengwa kwa kichuguu. Wakati huo Mansour hakuwa hata dereva. Alikuwa mtu wa kufunga turubai na kulala chini ya lori la wengine. Nyuma ya kiwanja chao kulikuwa na kichuguu kikubwa, na udongo wa kichuguu, kama kila mtu wa Katanga anavyojua, ndio unaotoa tofali lisilolia mvua. Bilkisi alikichimba. Alikanyaga tope kwa miguu yake akiwa na mimba ya Malaika, akajaza vibao vya kufyatulia, akapanga tofali, akakaa na tanuru likiwaka mpaka nyusi zikaungua. Mchwa waliobaki walimuuma vidole, na ukucha mmoja wa mguu wa kulia haukuota tena. Mansour naye alishiriki. Alikuja siku ya kupiga bati na akasimama kwenye picha.

Kwa hiyo Bilkisi alipofunga mlango wa ile nyumba jioni, alijua amefunga mlango wa tofali zake mwenyewe. Katika vitu vyote alivyopewa na kunyang'anywa, hicho ndicho hakupewa na mtu.

Latifa akajifungua mtoto wa kiume. Mansour alipiga honi ya lori kutoka Mutoshi mpaka Manika. Alipoingia ndani alikuwa mpole, na Bilkisi alipomwona mpole aliweka chini kisu cha kukatia sombe, yale majani ya muhogo.

"Mama Malaika, weye umechoka."

"Mi?"

"Umetumika sana. Mi naona. Unajua ile nyumba yangu ya Lubudi?"

Bilkisi aliijua. Ilikuwa ghala. Mansour alikuwa akiweka humo mahindi aliyoyanunua kwa wakulima, karibu na reli, na panya wa humo walikuwa na afya kuliko watoto wa mjini.

"Utaenda kupumzika kule. Hewa muzuri. Shamba iko. Treni inapita."

"Inapita kwenda wapi?"

"Inapita tu. Utaiangalia."

"Na hapa?"

Mansour alijikuna shingo. Latifa sasa alikuwa na mtoto wa kiume, na chumba cha kupanga cha Mutoshi kilivuja. Mtoto wa kiume si wa kuvujiwa. Latifa angekuja kukaa hapa. Kisha akainua kidole, na Bilkisi akalijua lile neno kabla halijatoka mdomoni.

"Nyumba ni mbili. Bibi ni babili. Kwa agrigeti, hakuna mwenye ameonewa."

Angelitangaza siku ya akika, mtoto atakapochinjiwa, mbele ya wazee. Mzee Twahiru, baba mdogo wa Mansour, mwuza matairi na mtu wa dua ndefu, angelibariki jambo hilo, na baada ya hapo lisingekuwa tena la Mansour bali la ukoo. Bilkisi hakuwa na mtu wa kumsemea. Baba yake amekufa, kaka yake bado anaigeuza barua.

"Nimesikia," alisema, akaokota kisu. Sombe ya siku hiyo ilikatwa nyembamba sana.

Akika ikafanywa Manika, kwa kuwa chumba cha Mutoshi hakikutosha hata mbuzi, achilia mbali wageni. Mtoto wa kiume huchinjiwa mbuzi wawili, na katika nyumba ya Mansour mbuzi wawili walimaanisha masufuria mawili, na masufuria mawili yalikuwa na sheria yake. Sheria hiyo aliiacha mama mkwe, Mungu amlaze alipomlaza, ambaye naye aliolewa mke wa kati na aliyajua mambo. Kila mke apike pilau yake na mbuzi wake, kwenye moto wake. Lakini chumvi yote itiwe na mkono mmoja, wa mke mkubwa, ndani ya sufuria la mke mkubwa. La mdogo lipikwe bila chumvi kabisa. Vikiiva, vyote vinamwagwa katika beseni moja kubwa, mke mkubwa anageuza kwa mwiko mpaka chumvi ienee, ndipo chakula kinapakuliwa. Hivyo hakuna mgeni atakayesema wali wa huyu ni mtamu kuliko wa yule, na mume atasifiwa peke yake, jambo ambalo ndilo kusudi la sherehe.

Latifa aliikubali sheria hiyo tangu mwaka wake wa kwanza. Asubuhi ya akika alifika na mtoto mgongoni, akajifunga kitenge kifuani, akaketi mbele ya sufuria lake upande wa pili wa uwanja.

"Yaya, chumvi ni yako," alisema, akimwita dada mkubwa kama kawaida.

"Ni yangu," alisema Bilkisi.

Umeme unatoka bwawa la Nzilo, si mbali, lakini pilau ya Bilkisi siku zote ilikuwa ya makala. Alipepea, akakaanga vitunguu mpaka vikawa kahawia, akatia nyama, akatia mdalasini, akatia chumvi ya masufuria mawili ndani ya moja. Adolphine alikuja kusaidia kuosha masinia. Malaika alitandika mikeka miwili sebuleni. Mkeka mmoja ulikuwa wa ukoo wa Mansour, na mzee Twahiru akakaa katikati yake kama mzigo uliofungwa vizuri. Wa pili ulikuwa wa watu wa Mutoshi, na mkubwa wao alikuwa mzee Swedi, baba yake Latifa, mwembamba, mcheshi, aliyekuja kula na hakuficha.

Dirisha la sebule lilitazama uwanja. Bilkisi alisimama na mwiko mkononi, beseni mbele yake likiwa tupu, na sauti ya Mansour ikatoka dirishani, laini, imepakwa mafuta. Alikuwa akiwaeleza wazee lile neno.

"Kwa mpira, kwa mufano, muzee Twahiru, timu inaweza kufungwa leo..."

"Mi sitazame mpira," alisema Twahiru.

"Hata kwa kokoto..."

"Mansour, harufu ya pilau inaingia hapa. Sema maneno yako."

Basi Mansour akasema. Nyumba mbili, wake wawili. Bilkisi aende Lubudi, Latifa aje Manika. Kwa jumla hakuna aliyepungukiwa. Yeye ni mtu wa haki na wote wanajua. Mzee Swedi alisema ni jambo la baraka, kwa kuwa si binti yake aliyekuwa akitazamishwa treni. Mzee Twahiru alisafisha koo.

"Ni maneno ya kawaida. Tule kwanza, kisha tutasoma dua, tutamaliza. Muite bibi mukubwa alete chakula."

Hakuna aliyesema Bilkisi aulizwe. Si kwamba walimchukia. Walikuwa wamekwisha kumjumlisha.

Adolphine alishika mpini mmoja wa sufuria la Latifa, Malaika mpini wa pili, wakaliinua juu ya beseni.

"Tumwage, Mama Malaika?"

Bilkisi alilitazama beseni. Miaka yote hiyo alikuwa amegeuza, amegeuza, mkono ukauma, na chumvi yake ikaenea kwa watu ambao hawakujua imetoka wapi.

"Wekeni chini," alisema. "Leo hatumwage."

"Lakini ya Latifa haina..."

"Najua haina."

Adolphine alimtazama, akatazama dirisha, kisha akatazama masufuria, moja baada ya lingine. Mdomo wake ukafunguka polepole, akaufunika kwa mkono wenye povu la sabuni.

"Bikira Maria," alisema. "Mi naenda kusimama pale karibu na mulango. Hii siwezi kusimuliwa."

Latifa akiwa nyuma ya nyumba ananyonyesha, Bilkisi alipakua mwenyewe. Wali wa sufuria lake, wenye chumvi ya watu wote, aliujaza kwenye sinia la mkeka wa Twahiru na Mansour. Wali wa Latifa, usiojua chumvi, aliujaza kwenye sinia la watu wa Mutoshi. Alipanga nyama juu, akazungushia vitunguu na zabibu. Ulikuwa wali mzuri wa kutazama. Malaika akapeleka, akarudi akikimbia.

Kulikuwa na bismillahi, kisha mikono ikaenda mdomoni, na haikurudi kwenye sinia.

Mzee Twahiru alikuwa mtu wa heshima, akameza. Machozi yalimtoka, akaonekana kama mtu aliyeguswa na dua. Alinyoosha mkono akitafuta maji, na mkono wake ukakutana na wa Mansour uliokuwa ukitafuta maji hayo hayo.

Kwenye mkeka wa pili, mzee Swedi alitafuna taratibu, akasita, akatafuna tena.

"Latifa!" aliita kupitia dirishani. "Hii pilau ni ya bagonjwa? Mutoto wangu, mbuzi alikufa bila kukuambia anataka chumvi?"

"Nani anasema hakuna chumvi?" alisema Twahiru kwa sauti ya mtu anayezama. "Chumvi yote ya bahari iko hapa!"

"Huku hakuna hata ya kutambikia!"

"Onja hii!"

"Onja yenu!"

Wakaonja. Mzee Swedi alichota cha Twahiru akatoa ulimi nje kama mbwa wa mchana. Latifa alikuja mbio uwanjani, mtoto mgongoni. Akaliona beseni limekauka.

"Mama Malaika!" Mansour alinguruma.

Bilkisi alikuja. Alivua viatu mlangoni, akapiga magoti kwa adabu zote alizofundishwa, akaweka mikono mapajani.

"Labeka, Baba Malaika."

"Umefanya nini? Unataka kuua bazee?"

"Kuna nini? Chumvi imepungua?"

"Imezidi!" alisema Twahiru.

"Haiko!" alisema Swedi.

"Basi imetosha," alisema Bilkisi. "Nilipima vizuri, baba. Masufuria ni mawili, nimetia chumvi ya masufuria mawili. Musiangalie sinia moja moja, njo maana munaumia. Muangalie agrigeti."

Karibu na mlango Adolphine alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Mansour aligeuka rangi ya tofali bichi. "Ile neno si ya chakula! Ile ni ya mpira!"

"Aa, ni ya mpira?" Bilkisi alitikisa kichwa kama aliyepewa elimu. "Mi sikusoma. Sasa hivi ilikuwa ya nyumba, nikafikiri inaingia kila mahali."

Mzee Swedi alianza kucheka kwanza. Alicheka bila sauti, mabega yakiruka, na watu wake wakaanza kumfuata. Mzee Twahiru hakucheka. Alikuwa na njaa. Alikuwa amekunywa chai tu tangu alfajiri kwa ajili ya akika hii, na mbele yake palikuwa na mlima wa nyama asioweza kuugusa.

"Mwanamke," alisema, "chukua hizi sinia, enda uchanganye."

"Ndiyo, baba. Naweza kuchanganya sasa hivi. Beseni iko, mwiko iko." Bilkisi hakuondoka magotini. "Lakini baba aniambie kwanza. Nikimaliza kuchanganya, nikaosha beseni, mi nalala wapi?"

"Hiyo ni maneno ya dua, baada ya chakula."

"Mukono ya kuchanganya chakula iko Lubudi, baba."

Hapo hata watu wa ukoo wa Mansour waliinamisha vichwa kuficha meno. Mansour alisimama. Alisema ya kwamba mke hamwekei mume masharti, kwamba ni aibu mbele ya wakwe, kwamba nyumba ni yake. Bilkisi alimwacha mpaka pumzi ikamwishia, kisha akanyoosha mguu wa kulia kutoka chini ya kitenge, ule wenye kidole kisicho na ukucha, akauweka pale kwenye saruji ambapo wote waliuona.

"Ulizeni hii," alisema. "Hii ilikuwapo."

Mzee Twahiru aliutazama mguu. Alimtazama Mansour, mtoto wa kaka yake. Kisha, na hili ndilo lililoamua, aliitazama nyama. Kuna watu wamepata haki yao kwa hakimu, wengine kwa maombi. Bilkisi aliipata kwa tumbo la mwuza matairi, na hakuwa na kiburi cha kuikataa.

"Mansour, kaa chini," alisema mzee. "Huyu anabaki kwa nyumba yake. Mi nimesema, na hapa kuna mashahidi, na hakuna mutu atarudilia hii maneno kwangu. Fatiha tutaisoma juu ya mutoto peke yake. Sasa, mama, kwa jina la Mungu, changanya."

"Umesikia, mzee Swedi?" aliuliza Bilkisi.

"Nimesikia, binti. Changanya, mi nakufa."

Akaondoka magotini. Masinia yakarudi, masufuria yakamwagwa, na Bilkisi akageuza kama alivyogeuza miaka yote, toka chini kuja juu, toka pembeni kuja kati. Alikaa na ule mwiko muda mrefu kuliko kawaida. Hakuwa na haraka. Safari ya Lubudi ilikuwa imefutwa.

Walipopelekewa tena, walikula mpaka kwenye rangi ya sinia. Mzee Twahiru alisema hajawahi kula pilau kama ile tangu atoke kwao Kasongo. Mansour alisifiwa. Hata siku ile alisifiwa, kwani wageni ni wageni.

Baada ya hapo Mansour alinuna. Alihamia Mutoshi kwa afya na kwa homa, akiwaambia madereva wenzake kwamba mke wake mkubwa ana jini la chumvi. Bilkisi alizichukua habari hizo kwa huzuni inayostahili. Alilala katikati ya kitanda. Alipaka chokaa ukuta wa mbele, akapanda mchicha pale lori lilipokuwa likisimama, na jioni Adolphine alileta kigoda chake wakakaa mlangoni, wakimwuliza Malaika maneno mengine ya Kiingereza yanayoweza kumfaa mwanamke. Hakukuwa na mengi.

Wiki chache baadaye Latifa alikuja kuchukua sufuria lake. Alisimama kwenye mlango wa ua, hakuingia, mtoto akinyonya.

"Yaya, ile siku ulinitia haya mbele ya baba yangu."

"Nilikutia," alisema Bilkisi. "Wali yangu pia ilikuwa mubaya. Hukuonja?"

"Nilionja." Latifa alitazama chini. Alikuwa mwembamba, na nyuma ya kitenge chake, shingoni, palikuwa na alama za mbu za chumba kinachovuja. "Sasa anasema mi njo niende Lubudi."

Bilkisi, aliyekuwa akilisugua lile sufuria kwa majivu, aliacha kusugua. Hakumpenda huyu msichana. Hakukusudia kuanza. Kanzu ile nyeupe bado aliikumbuka mpaka pindo lake.

"Anasema nini tena?"

"Anasema mwaka moja mi Lubudi, mwaka ingine atanirudisha. Iko na neno mupya, la Kifaransa. Anasema nisiangalie mwaka moja moja. Niangalie mwayeni."

"Mwayeni," Bilkisi alirudia. Alimwita Malaika ndani ya nyumba. "Malaika! Mwayeni ni nini?"

"Moyenne?" sauti ya Malaika ilitoka dirishani. "Ni ile jumla, mama, unaikata sawasawa tena. Kila mutu anapata kipande, hata kama hakupata kitu."

Bilkisi alilimwagia sufuria maji, akaligeuza, likametameta. Kisha aliingia jikoni. Latifa alibaki mlangoni akimtikisa mtoto, hajui kama ametukanwa au amefukuzwa. Bilkisi alirudi na kopo la chumvi, lile kubwa lililokuwa la mama mkwe, akalitia ndani ya sufuria tupu, akamkabidhi vyote viwili.

"Yaya, hii ni yako. Mama mkwe alisema mukono moja..."

"Mama mkwe amekufa. Beba." Bilkisi alikwisha kugeuka, akichukua ufagio. "Na baba yako anapenda kula. Siku Mansour akimuita kuzungumza ile maneno ya Lubudi, umupikie. Lakini mbele ya kupakua, uulize utalala wapi."